Mfupa Unataka Mzigo

Mguu wa kwanza nilioushika nikiwa kazini ulikuwa wa mama mmoja mnene kutoka Endagikot, na mwenye mguu alinitukana. Alinitukana kwa Kiiraqw, akidhani mimi ni mgeni kutoka Dar es Salaam kwa vile koti langu jeupe lilikuwa limepigwa pasi. Nilipomjibu kwa lugha hiyohiyo kwamba mama yangu mzazi hutukana vizuri kuliko yeye, wodi nzima ikaangua kicheko. Naye akacheka mpaka akasahau kulikaza goti. Nikalikunja. Ndivyo nilivyoanza kazi ya fiziotherapia Mbulu, na ndivyo nilivyojifunza kwamba goti lililoganda hulainika kwa kicheko kuliko kwa mafuta.

Wanangu mliobaki pale chumba cha mazoezi, mlinibana niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, ninaandika. Vyeo siviandiki, maana havikuniamsha asubuhi hata siku moja. Nitaandika habari za watu, na za vitu tulivyowabebesha.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bwana Lohay, mtaalamu mkongwe wa fiziotherapia, mrefu, mpole, mwenye mikono mipana kama majembe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wiki yangu ya kwanza aliniita kumwangalia kijana aliyefunguliwa plasta mkononi. Ule mkono ulikuwa mwembamba, umepauka, umeota vinyweleo, ukilinganishwa na mwenzake ungedhani ni wa mtu mwingine. Nikasema, "Masikini, umeugua sana huu." Bwana Lohay akatikisa kichwa. "Huu haujaugua," akasema. "Umekaa bure."

Nilikuwa nimesoma hayo yote chuoni na mtihani nikafaulu, lakini siku ile ndiyo yaliniingia. Mwili ni bahili, wanangu. Kitu kisichotumika haukitunzi. Msuli ukikaa, unapunguzwa. Mfupa ukikosa uzito wa kuubeba, unaanza kumong'onyoka taratibu. Kano nayo, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, ikikosa kuvutwa inalegea, na nyuzi zake zinajipanga ovyo. Ukitaka virudi, huna budi kuvibebesha mzigo tena: mdogo kwanza, kisha mkubwa kidogo, kisha mkubwa. Ukiharakisha, unaumiza. Ukiogopa, unaoza. Kazi yetu yote iko hapo katikati, na ndiyo maana haiishi ugomvi.

Vifaa? Msinichekeshe. Vyuma vya kujifunzia kutembea vilikuwa mabomba ya maji yaliyounganishwa na fundi wa kuchomelea wa mjini Mbulu, na kimoja kilikuwa juu kuliko kingine. Fundi alipoulizwa akasema sakafu ndiyo mbovu. Vifuko vya mchanga tulishona wenyewe. Mipira ya kuvuta tulikata kutoka kwenye tyubu za baiskeli, ile nyembamba kwa wanaoanza, ile nene kwa wanaojiona. Baadaye tuliletewa mashine ya umeme yenye taa nyekundu na kijani. Wagonjwa waliipenda mno! Walikuwa wanaulizia zamu yake kama watu wanaoulizia daktari bingwa. Nadhani waliipenda kwa sababu ilikuwa haiwaombi wafanye chochote.

Adui yangu mkubwa kazini hakuwa ajali wala uzee. Alikuwa ni "pole." Nawapenda watu wetu, lakini jamani, mtu akiumia huku kwetu anahurumiwa mpaka anaharibika. Alikuja mkulima mmoja wa viazi kutoka Gitting, kano ya kisigino inamuuma. Alikuwa amepumzika msimu mzima wa kilimo. Majirani wamemlimia, mkewe amemchotea maji ya kuoga, shemeji zake wamemkatia kuni. Mguu ukazidi kuuma, nao wakazidi kumhurumia. Bwana Lohay alimsimamisha kwenye ngazi ya mlango, kisigino kikining'inia nje, akamwambia ashuke polepole kwa mguu unaouma. Mtu wa watu akapiga yowe: "Dokta, unaniua!"

"Kesho asubuhi tutajua kama nimekuua," Bwana Lohay akamjibu.

Hiyo ndiyo kanuni yake ninayowaachia, na ikiwezekana iandikeni ukutani. Maumivu ya wakati wa mazoezi yasikutishe sana, mradi yanavumilika. Muulize mgonjwa asubuhi ya kesho. Kama kumetulia na hakujavimba, mzigo ulikuwa sawa, ongeza kidogo. Kama kumevimba na kunauma kuliko jana, ulizidisha, rudi nyuma. Yule baba wa Gitting tulimpandisha taratibu hivyohivyo mpaka akawa anashuka kile kingazi na gunia dogo la viazi mgongoni. Alipopona alituletea viazi, akanung'unika kwamba tulikuwa tumechelewa kumwambia.

Kutoka kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang nilijifunza jambo lingine, kwamba zoezi zuri ni lile ambalo mtu alikuwa nalo nyumbani kabla hajakujua. Mama mmoja alikuja bega limeganda baada ya kuvunjika mkono. Nikampa tyubu ya baiskeli. Akaiangalia, akaniangalia, akanirudishia. Nikamuuliza nyumbani hufanya kazi gani. Akasema husukasuka kibuyu cha maziwa kupata samli, ila sasa wanawe wamemkataza. Nikamwambia, mama, kibuyu ndicho dawa yako, anza na maziwa kidogo kabisa, na kila bega likizoea ongeza. Aliporudi alikuwa amebeba kibuyu chenyewe kunionyesha, kimejaa, na mkono unapanda juu bila kuombwa. Tangu hapo kila mgonjwa nilimuuliza kwanza: kwako unabeba nini?

Miaka yangu ya mwisho nilihamia Hanang. Ya maporomoko ya matope yaliyoshuka mlimani na kufunika kijiji cha Jorodom sitayaandika hapa. Wenye machozi yao wapo, nao watayasema wenyewe. Nitawaandikia habari za Mzee Gidahoda, kwa sababu ndiye anayenijia nikikaa peke yangu, na kwa sababu kwa mguu wake mimi nilishindwa, halafu akashinda mtu mwingine.

Mzee Gidahoda ni mfugaji wa chini huko uwandani. Alivunjika mfupa wa muundi akimkimbiza ndama kwenye korongo, mvua imenyesha, udongo unateleza. Alifungwa plasta, hilo mnaloliita hogo, na ilipofunguliwa picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri. Daktari akamwambia aanze kukanyaga. Yeye akaenda zake nyumbani, akakaa. Kliniki hakutokea tena. Ikabidi nimfuate kwa bodaboda.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, shuka begani, mguu umenyooshwa mbele kama mali ya kuuzwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunitesa?"

"Nimekuja kukusimamisha."

"Ng'ombe akivunjika mguu, sisi tunamchinja," akasema. "Mimi mmekataa kunichinja. Basi niacheni nilale."

"Mzee, nyama yako ngumu, nani ataila?"

Akacheka, meno yote nje. Nikampenda papo hapo. Lakini nilipoushika mguu, kicheko kikanikauka. Kigimbi kilikuwa kimekwisha, ngozi inaning'inia. Nikamuuliza kwa nini hakanyagi. Mwanzoni alizungukazunguka, mara baridi, mara ugoro umeisha. Mwisho akasema kweli yake, kwa sauti ya chini. Kila akikanyaga, alikuwa anausikia mfupa ukilia. Aliogopa utakatika tena, na safari hii hautaunga.

"Na mimi nauhitaji," akasema. "Kaka yangu amekufa."

Akanieleza. Kaka yake mkubwa alikuwa mzee wa heshima, na kwa desturi yao mzee kama huyo hazikwi yakaisha. Kaburi lake hujengewa kilima cha udongo na miti, watu wanakuja na kwenda kwa miezi, mpaka siku kubwa ya kufunga msiba, ndugu na marafiki wakikusanyika kutoka mbali. Siku hiyo yeye, mdogo wake, alitakiwa aende mpaka pale kilimani na majani mabichi mkononi amuage. Wanawe walikuwa wamepanga kumpeleka kwa mkokoteni wa punda.

"Huyo kaka ndiye aliyenifundisha kutembea," akasema. "Leo nimwendee kwenye mkokoteni, kama gunia la mahindi? Bora nisiende."

Basi kazi ikawa hiyo: afike kwa kaka yake kwa miguu yake. Nilimwambia kwamba mfupa mpya ni kama ukuta wa udongo, ukiufunika kwa huruma haukauki. Nikamsimamisha kwa fimbo mbili. Alikanyaga, akatoka jasho, akanilaani kwa lugha yao, akakanyaga tena. Nikaondoka nimefurahi. Niliporudi wiki iliyofuata, mguu ulikuwa vilevile. Na iliyofuata, vilevile. Nikabaini kwamba anatembea siku nikiwepo tu. Siku nyingine zote anakaa.

Nikakaa pembeni nikaangalia boma linavyokwenda. Mkewe alikuwa msibani, kwa wafiwa, na angekuwa huko mpaka mwisho. Wanawe walikuwa mbali, wamepeleka ng'ombe kutafuta malisho. Aliyebaki na mzee mchana kutwa ni mkwewe, mke wa mwanawe, Udagwenga, binti mnyamavu mwenye mtoto mgongoni. Na jamani, yule binti alikuwa na heshima! Mzee hajakohoa, ugoro umefika. Hajatazama jua, kigoda kimeshahamishiwa kivulini. Maji ya kunawa, chai, shuka la pili, kila kitu kinamfuata alipo, kinawekwa chini taratibu, na binti anarudi nyuma macho chini. Mzee alikuwa hana sababu hata moja ya kunyanyuka. Heshima ile ingemponya mtu wa homa. Kwa mfupa ilikuwa sumu.

Nikamfuata kwenye zizi la ndama. "Udagwenga, mwanangu, mimi nikiondoka wewe ndiye daktari. Kila asubuhi umwambie asimame, atembee."

Akajifunika mdomo kwa shuka. "Mama, mimi? Nimwambie yule?"

"Ndiyo, yule."

"Jina lake sijawahi kulitaja tangu niolewe. Mbele yake sipiti. Sasa nimwamrishe asimame?"

"Basi mshike mkono tu, umsaidie."

"Bora unipe simba nimshike," akasema, na hapo alikuwa hatanii.

Kutoka kule kivulini mzee akapaza sauti: "Unamfundisha mke wa mwanangu kunifokea?"

Kwetu mlimani nako mkwe ana mipaka yake, kwa hiyo sikubishana naye. Nilimweleza tu Udagwenga jambo lenyewe lilivyo: kwamba mguu unataka mzigo kidogokidogo, kwamba unaulizwa asubuhi, ukivimba unaachwa pale ulipo, usipovimba unaongezewa. Nikamweleza na siku ya kufunga msiba. Hiyo alikuwa anaijua kuliko mimi. Alisikiliza akichora chini kwa kidole cha mguu. Nikapanda bodaboda nikijiambia kwamba huyu mzee ataenda kwa mkokoteni.

Niliporudi, kigoda hakikuwa mbele ya nyumba. Kilikuwa kule mbele, pembeni ya ua wa zizi, na mzee amekaa juu yake anahema, fimbo mbili magotini, amenuna.

"Nani amekuleta huku?" nikamuuliza.

"Nimekuja."

"Kufanya nini?"

"Kunywa chai," akasema, akageuza uso.

Udagwenga nilimkuta anamfunga punda madumu ya maji. Ilibidi nimbembeleze ndipo akasema. Kila alfajiri, kabla mzee hajatoka ndani, alikuwa anakipeleka kigoda mbele kidogo kuliko jana, kufuata ua, ili mzee apate miti ya kushika. Juu yake anaweka birika la chai. Halafu anaswaga punda anakwenda maji, mtoto mgongoni. Mzee akitoka hakuna wa kumtuma. Ana hiari ya kwenda, au kukaa chini mavumbini bila chai.

Mimi nikashika kiuno. "Na uvimbe unaujuaje, na wewe mguuni kwake husogei?"

"Naangalia katambuga," akasema. Mzee huvaa zile ndala za matairi, na akizivaa asubuhi pale mlangoni, Udagwenga alikuwa anamtazama kwa mbali, kutoka njia ya maji. Ukanda ukiingia kwa taabu, kigoda kesho yake kinabaki palepale. Ukiingia vizuri, kinasogea.

Wanangu, nilisoma kwa miaka, nikafundisha na wengine, na sijawahi kuona mpango wa mazoezi ulioandaliwa vizuri kama ule. Nilimkumbatia yule binti na madumu yake. Nilimwongezea jambo moja tu: kwamba mguu ukipata nguvu, ampe mzee kitu cha kubeba. Akafikiri kidogo. Niliporudi tena, birika lilikuwa linaachwa mlangoni, na kigoda kule mwisho wa zizi. Mzee alilazimika kuchukua birika mkono mmoja, kwa hiyo fimbo ikabaki moja. Chai ilikuwa inamwagika njiani, na matusi pamoja nayo, lakini kigimbi kilikuwa kimeanza kurudi. Nilikiminya kwa kidole, kikanisukuma.

Kuna wakati alirudi nyuma. Alijikwaa, kifundo kikavimba, akakata tamaa, akasema mkokoteni uandaliwe. Kigoda kikabaki mahali pamoja siku kadhaa, karibu na mlango. Kisha asubuhi moja kikasogea tena. Yeye naye akakifuata. Mimi nilikuwa sijui kama anafahamu kinachoendelea, au anadhani tu kwamba siku hizi wanawake wamekuwa wazembe. Sikumuuliza. Kuna mambo ukiyauliza yanaharibika.

Siku ya kufunga msiba nilikwenda. Niliwaaga ofisini kwamba nina mgonjwa, na sikudanganya. Watu walikuwa wengi sana, mashuka ya kila rangi, wanaume upande wao, wanawake upande wao na shanga zao na sketi zao za ngozi, vumbi limesimama. Mzee Gidahoda alishuka kwenye mkokoteni mbali, nje kabisa ya boma la marehemu, mahali ambapo waombolezaji wasingemwona, akamrudisha punda. Akachukua fimbo mkono mmoja, majani mabichi mkono wa pili, akaanza kutembea.

Nilitembea naye kwa macho. Mguu unatua, uzito unapanda, mguu unashika. Unatua, unashika. Watu wakampisha, kelele zikapungua. Alifika. Akaweka majani juu ya kilima cha kaka yake, akainama, akazungumza naye kwa lugha yao, kwa upole, muda mrefu. Sikuelewa maneno, wala sikutaka mtu anitafsirie.

Alipogeuka, niliona kigimbi kinatetemeka. Alikuwa amemaliza nguvu zote. Wanawe wakaruka kumshika, akawainulia fimbo: hapana. Akasimama palepale, anayumba, mbele ya watu wote, na mimi nikaona sasa ataanguka.

Ndipo Udagwenga alipotoka upande wa wanawake. Hakukatisha mbele yake. Alizunguka nyuma, kwa mbali, macho chini, mtoto mgongoni, kigoda mkononi. Akakiweka chini nyuma ya magoti ya baba mkwe wake, akarudi alikotoka bila kugeuka. Mzee hakutazama nyuma. Alipapasa kwa kisigino, akakipata, akaketi.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake, nikajifanya nakagua kifundo, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka watu wayaone. Yeye alikuwa bado anakitazama kilima cha kaka yake.

"Umeona, mama?" akasema taratibu. "Leo amekileta karibu."